Jina Mlangoni: Mahekalu ya Wahamiaji wa Kijapani na Kuenea kwa Ubudha nchini Marekani, 1899–1969

Utangulizi

Historia ya kuenea kwa Ubudha katika nchi za Magharibi imezoeleka kuanzia Chicago. Mwezi Septemba mwaka 1893, katika Bunge la Dini za Dunia lililofanyika sambamba na maonyesho makubwa ya mji huo, Anagarika Dharmapala kutoka Ceylon na Shaku Soen kutoka Japani walihutubia hadhira ambayo wengi wao hawakuwahi kumwona Mbudha. Kabla ya mwezi huo kwisha, mfanyabiashara mmoja wa New York, C. T. Strauss, alitamka mbele ya watu kwamba ameupokea Ubudha. Kutoka hapo masimulizi huruka hadi kwa D. T. Suzuki na vitabu vyake, kisha kwa waandishi wa California wa miaka ya 1950, kisha kwa vituo vya kutafakari vilivyoanzishwa na vijana wa kizungu katika miaka ya 1960. Ni historia ya hotuba, vitabu na watu walioongoka. Majengo hayamo, na waliojenga majengo hawamo.

Upungufu huu si wa bahati mbaya. Mwaka 1979 Charles Prebish alipendekeza kwamba Marekani ina Ubudha wa aina mbili: wa jamii za Waasia, unaohifadhi mila, na wa Wamarekani walioongoka, unaotafuta mazoezi ya nafsi. Mgawanyo huo umerahisisha kazi ya watafiti wengi, lakini pia umewafanya waumini wa aina ya kwanza waonekane kuwa watunzaji wa urithi wa kikabila tu, si waenezaji wa dini. Mahekalu yao, yenye mabenchi, kinanda na shule ya Jumapili, yametajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba wamejigeuza nusu Wakristo. Makala haya yanachunguza mahekalu ya madhehebu ya Jodo Shinshu katika pwani ya magharibi ya Marekani, hususan jina walilojipa, yaani "kanisa". Hoja inayojengwa ni kwamba jina hilo halikuwa dalili ya imani iliyodhoofika. Lilikuwa chombo cha kupigania nafasi ya kuwapo, kilichotumika kwa namna moja mwaka 1905 na kwa namna nyingine kabisa mwaka 1944, na ambacho kilishindwa kufanya kazi palipokuwa na haja kubwa zaidi.

Wafanyakazi kwanza, makasisi baadaye

Wajapani hawakuwa wa kwanza. Wahamiaji wa Kichina walikuwa na mahekalu San Francisco tangu miaka ya 1850, ambamo Buddha, miungu ya Kidao na mizimu ya ukoo viliheshimiwa chini ya paa moja. Sheria ya mwaka 1882 iliyowazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini ilikata chanzo cha waumini wa mahekalu hayo, na pengo la nguvukazi likazibwa kwa sehemu kubwa na Wajapani. Walipita kwanza katika mashamba ya miwa ya Hawaii, ambako mkataba wa serikali mbili uliwafikisha kuanzia mwaka 1885, kisha wengi wakavuka hadi California kufanya kazi katika mashamba ya matunda, reli na nyumba za matajiri.

Wengi walikuwa vijana wa kiume, hawajaoa, na sehemu kubwa yao walitoka wilaya za kusini-magharibi mwa Japani ambako Jodo Shinshu ilikuwa dini ya nyumbani. Madhehebu haya yalianzishwa na Shinran (1173–1263), aliyefundisha kwamba wokovu hupatikana kwa kuitegemea nadhiri ya Buddha Amida, wala si kwa juhudi za mtu binafsi. Shinran mwenyewe alioa, na makasisi wa madhehebu yake wameoa tangu hapo. Jambo hili lina uzito katika historia inayojadiliwa hapa. Dini inayohitaji jumuiya ya watawa waseja, wanaolishwa kila siku na waumini, haihamishiki kirahisi hadi kambi ya vibarua. Dini ya kasisi mwenye mke na watoto, na ya waumini wanaokusanyika kusikiliza mahubiri, inahamishika.

Walioomba makasisi ni vibarua wenyewe. Mwaka 1898 makao makuu ya Nishi Hongwanji mjini Kyoto yalituma wajumbe wawili kuchunguza hali, na mwaka huohuo chama cha vijana wa Kibudha kikaundwa San Francisco. Septemba 1899 waliwasili Sonoda Shuye na Nishijima Kakuryo, waliokuja kukaa. Kwa miaka michache iliyofuata matawi yalifunguliwa Sacramento, Fresno, Seattle, San Jose na kwingineko, kila penye Wajapani wa kutosha kulipa kodi ya chumba. Sonoda na wenzake waliwahudumia pia Wazungu wachache waliovutiwa. Gazeti la Kiingereza lililoitwa The Light of Dharma lilitolewa San Francisco kuanzia mwaka 1901. Kwa hiyo kauli kwamba wahamiaji walijifungia katika lugha na kabila lao haiafikiani na ushahidi wa mwanzo kabisa.

Hekalu la miaka hiyo lilikuwa pia mahali pa kuandikiwa barua, kutafutiwa kazi, kulala unapofika mjini usiku, na kuzikwa. Hilo la mwisho lisichukuliwe kuwa dogo. Kibarua aliyefia kambini bila ndugu alihitaji mtu wa kumghania sutra na kuyapeleka majivu yake kijijini kwao.

Majina mawili ya mlango mmoja

Mwaka 1905 chama cha San Francisco kilichukua jina la Kiingereza la "Buddhist Church of San Francisco", yaani Kanisa la Kibudha la San Francisco, na matawi mengi yakafuata mfano huo. Kwa msomaji wa Kiswahili maneno hayo yanagongana, kama mtu angesema msikiti wa Kikristo. Kwa masikio ya Wamarekani wa wakati ule nayo hayakuwa ya kawaida.

Lakini hilo ni jina la Kiingereza. Kwa Kijapani chama kilijiita bukkyokai, neno ambalo herufi zake tatu zaweza kugawanywa kwa njia mbili. Ukizitenga mbili za kwanza na moja ya mwisho, unapata "Ubudha" na "jumuiya": jumuiya ya Ubudha. Ukiitenga ya kwanza na kuziunganisha mbili za mwisho, unapata "Buddha" na kyokai, neno ambalo Wajapani wa enzi ya Meiji walilitumia kwa kanisa la Kikristo. Muumini aliyeingia mlangoni alisoma jambo moja. Karani wa serikali aliyeipokea tafsiri alisoma jingine. Na hakuna kati yao aliyedanganywa.

Haja ya karani ilikuwa halisi. Wajapani waliozaliwa ng'ambo hawakuruhusiwa kuwa raia wa Marekani, msimamo uliothibitishwa na Mahakama Kuu mwaka 1922 katika shauri la Takao Ozawa. Sheria ya Ardhi ya Wageni ya California ya mwaka 1913, iliyokazwa mwaka 1920, iliwazuia watu wa namna hiyo kumiliki mashamba, na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 ikafunga mlango wa kuingia nchini. Katika mazingira hayo, shirika la kidini lililosajiliwa, lenye katiba, mwenyekiti, mweka hazina na wadhamini, lilikuwa miongoni mwa vyombo vichache ambavyo Wajapani wangeweza kuvitumia kushikilia mali na kusema na mamlaka kama kundi. Mfano wa shirika la kidini ambao sheria za majimbo ziliufahamu ni wa kanisa la Kiprotestanti. Hata mkuu wa misheni alikuja kuitwa askofu kwa Kiingereza, ingawa cheo chake cha Kijapani hakikuwa na maana hiyo.

Kwa mantiki hiyohiyo ndivyo yanavyopaswa kueleweka mambo ya ndani ya jengo. Ibada ya Jumapili haikuchaguliwa kwa sababu ya utakatifu wa Jumapili, bali kwa sababu ndiyo siku ambayo kibarua hakwenda shamba. Mabenchi yaliingia katika ukumbi ambao tangu Japani ulikuwa umetengwa kwa ajili ya wasikilizaji: katika mahekalu ya Jodo Shinshu sehemu ya waumini huwa kubwa kuliko sehemu ya madhabahu, tofauti na mahekalu ya madhehebu mengi mengine, kwa kuwa kusikiliza mafundisho ndiyo ibada yenyewe. Kilichobadilika ni kwamba mkeka ulitoka, ubao ukaingia. Aidha, Michihiro Ama ameonyesha kwamba mageuzi ya namna hii yalikuwa yakiendelea Japani kwenyewe wakati huohuo. Nishi Hongwanji haikuhitaji kufika California ili kukutana na usasa. Hekalu lake la Tsukiji, Tokyo, lililokamilika mwaka 1934 kwa ramani ya Ito Chuta, ni jengo la mtindo wa Kihindi lisilofanana na hekalu lolote la kale la Kijapani.

Ushahidi wa San Jose unaelekea upande mwingine. Huko, mwaka 1937, katika mji ambao chuki dhidi ya Wajapani haikuwa siri, waumini walisimamisha hekalu lililosanifiwa na George Gentoku Shimamoto, lenye paa kubwa lililopinda kwa mtindo wa Kyoto, lionekanalo toka mbali. Ndani kuna mabenchi. Mwaka uliofuata, jengo jipya la San Francisco liliwekewa stupa juu ya paa kwa ajili ya masalio ya Buddha yaliyotolewa Siam mwaka 1935. Watu waliotaka kujificha nyuma ya neno "kanisa" wasingeliweka stupa juu ya paa.

Desemba 1941 na yaliyofuata

Kama jina lingekuwa kinga, siku ya kulijaribu ilikuwa tarehe 7 Desemba 1941. Saa chache baada ya shambulio la Pearl Harbor, maofisa wa FBI walianza kuwakamata viongozi wa jamii za Kijapani kwa orodha zilizokuwa zimeandaliwa kabla. Makasisi wa Kibudha na wa Kishinto walikuwa humo, kwa sababu ya kazi yao tu. Duncan Ryuken Williams, katika utafiti wake aliouchapisha mwaka 2019, anahitimisha kwamba dini ilikuwa kigezo kimojawapo cha kupimia uaminifu: Mjapani Mkristo alionekana amekaribia kuwa Mmarekani, Mjapani Mbudha alionekana bado ni wa Mfalme wa Japani. Neno "kanisa" kwenye kibao halikumwondoa kasisi yeyote katika orodha.

Tarehe 19 Februari 1942 Rais Roosevelt alitia saini Amri namba 9066. Watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, takriban theluthi mbili yao wakiwa raia kwa kuzaliwa, waliondolewa pwani ya magharibi na kufungiwa katika kambi kumi zilizojengwa jangwani na kwenye mabwawa. Zaidi ya nusu yao walikuwa Wabudha. Kila mtu aliruhusiwa kuchukua kile alichoweza kukibeba. Vilivyobaki, yaani vitanda, cherehani, madhabahu ndogo za nyumbani na masanduku ya picha, vilirundikwa katika kumbi za mahekalu, milango ikapigiliwa misumari. Baadhi ya mahekalu yalivunjwa na kuibiwa kabla ya wenyewe kurudi. Kabla ya kuondoka, familia nyingi zilikuwa zimechoma au kuzika sutra na maandishi ya Kijapani, kwa hofu kwamba yangechukuliwa kuwa ushahidi wa usaliti.

Kambini, Ubudha ulianza upya karibu bila kitu. Katika mojawapo ya kambi walimofungwa makasisi, siku ya kuzaliwa kwa Buddha iliadhimishwa kwa sanamu iliyochongwa kwa karoti kutoka jikoni. Madhabahu zilitengenezwa kwa mbao za masanduku. Madhehebu ambayo nje yalikuwa na majengo mbalimbali na ushindani usio mdogo yalilazimika kugawana bweni moja. Kwa kuwa makasisi wengi wazaliwa wa Japani walikuwa wametengwa katika kambi za wizara ya sheria na za jeshi, uongozi uliangukia kizazi cha pili, kilichozungumza Kiingereza, na ibada zikazidi kuendeshwa kwa lugha hiyo.

Vijana wa kizazi hicho waliotoka kambini kwenda vitani Ulaya na Pasifiki walipewa vibati vya utambulisho ambavyo dini yake ilikuwa moja kati ya tatu: Mprotestanti, Mkatoliki au Myahudi. Herufi ya Mbudha haikuwapo. Kikosi cha 442, kilichojaa vijana hao, hakikuwa na kasisi wa Kibudha hata mmoja. Mzazi aliyefungwa Utah au Arizona angeweza kuletewa habari kwamba mwanawe amezikwa kwa ibada ya dini isiyokuwa yake na taifa lililomfunga mzazi huyo.

Katika hali hiyo ndipo, mwaka 1944, viongozi waliokuwa katika kambi ya Topaz, Utah, pamoja na askofu Matsukage Ryotai, walipolifuta jina la Misheni ya Kibudha ya Amerika ya Kaskazini na kusajili "Buddhist Churches of America", Makanisa ya Kibudha ya Amerika. Tetsuden Kashima, katika kazi yake ya mwaka 1977, anauona uamuzi huo kuwa hatua ya kukata utegemezi kwa Kyoto na kuuhamishia mamlaka kizazi cha pili. Tafsiri hiyo ni sahihi, ila inafaa kuongezewa jambo. Neno lililoondolewa lina uzito sawa na neno lililoingizwa. Misheni ni ya aliyeituma. Ina makao kwingine. Waliofungwa kwa tuhuma kwamba wao ni wa kwingine waliamua kuliacha neno linalokiri hivyo. Mwaka 1905 "kanisa" lilikuwa neno la kumsaidia karani aelewe. Mwaka 1944 uzito ulihamia kwenye maneno mawili yaliyofuata, "ya Amerika", nayo yaliandikwa na watu waliozungushiwa seng'enge na serikali ya Amerika.

Gharama yake isipuuzwe. Alama ya manji, yenye ncha zilizopinda, iliyopamba mahekalu ya Kibudha karne nyingi kabla ya Ujerumani ya Hitler kuigeuza sura, iliachwa, na mahali pake pakachukuliwa na gurudumu la Dharma. Wazee wasiojua Kiingereza walijikuta pembeni katika mahekalu waliyoyajenga kwa mshahara wa vibarua. Ni vigumu kuliita hilo chaguo huru, na ni vigumu vilevile kuliita usaliti.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, mahekalu yalifunguliwa kwanza kama mabweni. Familia zilizorudi bila nyumba zililala kwenye kumbi za ibada, pazia likitenga mke na mume wa huku na watoto wa kule. Mjini Los Angeles kazi hiyo ilisimamiwa na Julius Goldwater, Mmarekani mweupe aliyekuwa kasisi wa Jodo Shinshu tangu kabla ya vita na ambaye alikuwa ameyatunza majengo na mali za waumini walipokuwa kifungoni. Uongofu wake haukutoka Chicago wala katika vitabu vya Suzuki. Ulipitia hekaluni kwa wahamiaji.

Wageni wa Berkeley na wa Bush Street

Goldwater si mfano wa pekee. Katika miaka ya 1950, Imamura Kanmo na mkewe Jane waliendesha darasa la masomo katika hekalu la Berkeley. Waliohudhuria ni pamoja na Gary Snyder, Alan Watts na Jack Kerouac, na jarida la vijana wa hekalu hilo, Berkeley Bussei, lilichapisha maandishi yao. Waandishi hao ndio wanaotajwa kuwa waanzilishi wa Ubudha wa Marekani. Ukumbi walioketi ulikuwa wa watu waliorudi kutoka kambini chini ya miaka kumi kabla.

Hali ilikuwa hivyohivyo kwa Zen, madhehebu yenye sifa zaidi kati ya walioongoka. Hekalu la Sokoji, San Francisco, lilianzishwa mwaka 1934 na wahamiaji wa Kijapani wa madhehebu ya Soto katika sinagogi la zamani lililojengwa Bush Street mwaka 1895. Mei 1959 aliwasili Shunryu Suzuki, aliyetumwa kuihudumia jamii ya Kijapani ya hapo: mazishi, kumbukumbu za marehemu, ibada za sikukuu. Alikuwa na desturi ya kukaa zazen alfajiri, na Wamarekani vijana wakaanza kuja kukaa naye. Mwaka 1962 wakajisajili kama San Francisco Zen Center, na mwaka 1967 wakafungua makao ya watawa ya Tassajara milimani.

Kwa miaka kumi jengo moja lilibeba jamii mbili zenye maoni tofauti kuhusu hekalu ni kitu gani. Kwa wazee wa Kijapani lilikuwa mahali pa familia na marehemu wao, na Suzuki alikuwa kasisi waliyemlipa. Kwa vijana lilikuwa mahali pa kutafakari, na mikusanyiko ya wazee ilikuwa kelele za jioni. Walioongoka walipozidi kwa idadi, uongozi wa hekalu ulimtaka Suzuki achague. Mwaka 1969 alijiuzulu, na Zen Center ikahamia Page Street, katika jengo ambalo Julia Morgan alilisanifu kuwa bweni la wasichana wa Kiyahudi.

Masimulizi ya walioongoka huitaja hatua hiyo kama ukombozi: Zen imetoka katika pingu za ukabila. Hesabu hiyo imesahau upande mmoja. Wakati huohuo mamlaka ya mji ilikuwa ikibomoa nyumba za mtaa wa Wajapani kwa jina la uendelezaji mpya, hivyo waumini walewale waliofungiwa mwaka 1942 walikuwa wakihamishwa kwa mara ya pili. Kundi lililotoka lilikuwa na fedha za kununulia jengo. Lililobaki lilikuwa na wazee. Sokoji haikufungwa. Waumini wake waliendelea, wakaja kujenga hekalu lingine Laguna Street, hatua chache kutoka lile la kwanza, na jengo la Bush Street, lililokuwa sinagogi kisha hekalu, leo ni makazi ya kuwatunzia wazee wa jamii ya Wamarekani wenye asili ya Kijapani.